Maabara iliyowataja wauza mbolea kwa majina

Ami yangu wa Msambweni alinunua mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN kabla ya mvua za mwaka kuanza, na siku ya tatu akanipigia simu. "Mwanangu, mbolea hii ina mchanga." Alikuwa amechota konzi moja, akaitia ndani ya gilasi ya maji, akakoroga, na chini pakabaki unga wa kijivu usioyeyuka. Jumamosi yake nilikwenda nikaiona gilasi kwa macho yangu. Tukamwendea muuzaji dukani kwake. Muuzaji, mtu mwenye heshima zake, akatuambia CAN ndivyo ilivyo, haiyeyuki yote.

Na kusema haki, maneno yake yalikuwa kweli. CAN ni naitreti ya amonia iliyochanganywa na unga wa chokaa, na chokaa haiyeyuki katika gilasi ya maji. Yurea ndiyo iyeyukayo yote na kuiacha gilasi ikiwa baridi mkononi. Lakini kile kilichobaki chini ya gilasi ya ami kilikuwa chokaa ya halali, au ni vumbi la timbo la mawe? Mimi niliyesomea diploma ya kazi za maabara sikuwa na jawabu. Hata lau ningeidondoshea siki ikatoka povu, povu lingenijulisha tu kuwa chokaa imo. Naitrojeni haionekani kwa jicho wala haionjwi kwa ulimi.

Tukapeleka sampuli kwenye maabara moja. Majibu yalirudi baada ya wiki kadhaa, mahindi yashatoa mbelewele, nayo yalisema naitrojeni ilikuwa pungufu sana ya ile iliyoandikwa juu ya mfuko. Tukarudi dukani na karatasi yetu. Muuzaji akaisoma, akauliza maswali mawili: mfuko mliufungua lini, na ni nani aliyeshuhudia mkichota? Hatukuwa na la kusema. Mambo yakaishia pale pale.

Maswali yale mawili yamenikaa kichwani tangu siku hiyo, na ndiyo yaliyonipeleka kusoma habari za maabara moja ya mbali sana na Msambweni, ambayo kazi yake yote tangu mwanzo ilikuwa ni kuyajibu. Ni maabara ya kemia ya kituo cha majaribio ya kilimo cha jimbo la Connecticut (hutamkwa Konetikati), jimbo dogo la Marekani lililo kati ya New York na Boston. Kilikuwa kituo cha kwanza cha aina yake kuanzishwa na jimbo nchini Marekani, na mpaka leo kinafanya kazi.

Mkemia aliyerudi na wazo

Aliyelisukuma jambo hili ni Samuel William Johnson, aliyezaliwa mwaka 1830 katika jimbo la New York. Alisoma chuo cha Yale, kisha akavuka bahari kwenda Ujerumani, Leipzig na Munich. Huko Munich alisoma kwa Justus von Liebig, yule mkemia aliyewashawishi watu kwamba mmea hula madini yaliyomo ardhini, na kwamba ukivuna bila kurudisha madini hayo shamba huchoka. Nje kidogo ya Leipzig, mahali paitwapo Möckern, palikuwa na kitu kipya: kituo chenye shamba, maabara, na mkemia anayelipwa kwa fedha za umma ili awajibu wakulima. Johnson alirudi kwao na wazo hilo, na ikamchukua takriban miaka ishirini mpaka likakubaliwa.

Miaka hiyo haikupotea. Mashamba ya Connecticut yalikuwa ya zamani na yamechoka, na wakulima walikuwa wakinunua guano, yaani kinyesi cha ndege wa baharini kutoka visiwa vya Peru. Guano halisi ilikuwa mbolea kali kwelikweli. Kwa kuwa ilikuwa ghali, haukupita muda sokoni pakajaa poda za kila namna, zenye rangi ya kahawia na harufu ya kuziba pua, kila moja na jina lake tukufu. Mkulima alichagua kwa harufu. Kadiri ilivyonuka ndivyo alivyoamini ina nguvu.

Kuanzia mwaka 1857 Johnson akawa mkemia wa chama cha kilimo cha jimbo, akawa akizinunua mbolea hizo, akizipima na kuchapisha alichokiona. Mwaka 1859 insha zake zikatoka kama kitabu. Baadhi ya mbolea zilikuwa nzuri, na nyingine zilikuwa karibu na takataka. Lakini hakusema "hii mbaya" akanyamaza. Aliupigia hesabu mfuko mzima. Alitafuta bei ya naitrojeni sokoni kwa uzani, na ya fosforasi, na ya potasiamu, akajumlisha thamani ya vilivyomo ndani, kisha akaiweka kando ya bei aliyotajiwa mkulima.

Hesabu hiyo kila mkulima aijue. Tuseme, kwa mfano tu, mfuko wa kilo 50 wa CAN unauzwa shilingi 2,600, na juu yake pameandikwa naitrojeni asilimia 26. Ndani mna kilo 13 za naitrojeni, kwa hivyo kila kilo umeinunua kwa shilingi 200. Ikiwa kumbe naitrojeni ni asilimia 13 tu, una kilo sita na nusu, na kila kilo umeilipia shilingi 400. Bei ya mfuko haikubadilika, wala uzani wake. Ni sawasawa na kununua tui la nazi: kikombe kinajaa vile vile, liwe tui zito la kwanza au maji yaliyosukiwa machicha mara ya tatu.

Mwaka 1875 bunge la jimbo likakubali. Orange Judd, mchapishaji wa gazeti la wakulima, alitoa dola 1,000 mfukoni mwake, na jimbo likatoa dola 2,800 kwa mwaka kwa miaka miwili ya majaribio. Kazi ikaanza katika chuo cha Wesleyan, mji wa Middletown, chini ya Wilbur Atwater, mwanafunzi wa Johnson. Miaka miwili ilipokwisha, mwaka 1877, kituo kikafanywa cha kudumu na kuhamishiwa mji wa New Haven, Johnson mwenyewe akiwa mkurugenzi, katika vyumba walivyopewa na Yale. Mwaka 1882 kikapata kiwanja chake. Jengo la maabara lililojengwa hapo zamani hizo bado limesimama, siku hizi likiwa maktaba.

Mtindo huo ukaenea majimbo mengine, na mwaka 1887 serikali kuu ya Marekani ikapitisha sheria ya kuvipa vituo kama hivyo dola 15,000 kwa mwaka kila jimbo.

Kazi yenyewe

Watu wakisikia maabara hufikiria chupa na moshi. Aliyefanya kazi humo atakwambia makosa mengi huingia kabla ya chupa ya kwanza kushikwa, wakati wa kuchota. Mbolea ikisafirishwa hujipanga: chembe za unga hupenya zikashuka chini, zile kubwa hubaki juu. Ukichota juu ya mfuko mmoja umepima juu ya mfuko mmoja, basi. Ndiyo maana mchotaji wa kituo hutumia bomba refu lenye mwanya, hulizamisha mpaka chini, huchota katika mifuko kadhaa, huchanganya vyote pamoja, kisha hugawa na kugawa tena mpaka kibaki kiasi kidogo kinachowakilisha shehena nzima. Na mchotaji huyo ni mtu wa kituo, si wa muuzaji wala wa mnunuzi.

Hapa siwezi kupita bila kukumbusha kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaiona rundo la nafaka, akauingiza mkono wake ndani, na vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa mbona basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona. Sisi hukisimulia kisa hiki kama mafunzo ya uaminifu, na ni kweli. Lakini tazama pia kile kitendo cha mkono kuingia ndani ya rundo. Hakupima kwa kutazama juu.

Sampuli ikifika maabara husagwa na kupimwa kwa mizani ya usahihi. Kwa naitrojeni, njia iliyokuja kutumika duniani kote ni ya Johan Kjeldahl, iliyotangazwa mwaka 1883. Kjeldahl alikuwa mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Denmark, akitafuta njia ya kupima protini za nafaka. Elimu hutoka Mungu alikoiweka. Wanachofanya ni kuichemsha sampuli ndani ya asidi ya salfuriki iliyo kali mpaka kila kitu kivunjike na maji yawe maangavu. Naitrojeni iliyokuwamo hugeuka kuwa chumvi ya amonia. Kisha hutiwa magadi makali ya maabara, amonia hutoka kama mvuke, na mvuke huo hupitishwa kwenye bomba la kupozea mpaka chupa nyingine yenye asidi iliyopimwa. Mwisho mtu anadondosha tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, na idadi ya matone inamwambia naitrojeni ilikuwa kiasi gani. Kwa mbolea zenye naitreti, kama CAN, huongezwa hatua nyingine mwanzoni, vinginevyo sehemu hiyo ya naitrojeni haihesabiki sawasawa. Nilifanya kazi hii chuoni. Saa nzima unatazama chupa ikichemka, na tone moja la pupa linakurudisha mwanzo.

Fosforasi ina mambo yake. Ipo inayoyeyuka kwa maji, ambayo mmea unaifikia upesi. Ipo isiyoyeyuka kwa maji lakini huyeyuka katika maji ya sitreti, nayo hutumika polepole. Na ipo iliyofungwa kama jiwe, ambayo mkulima wa msimu huu asiitarajie. Maabara ya kituo ilizitenga zote tatu, maana muuzaji aliyejumlisha tu "fosforasi" aliweza kukuuzia jiwe kwa bei ya mbolea.

Lakini ujanja uliowasumbua zaidi ulikuwa wa ngozi. Ngozi ina naitrojeni nyingi. Vipande vya ngozi vilivyobaki viwandani vilichomwa kidogo, vikasagwa na kutiwa ndani ya mbolea. Ukipima kwa njia ya Kjeldahl, tarakimu inakuja vizuri, na inalingana na mfuko. Ila ngozi iliyotiwa dawa ya kuifanya isioze haiozi shambani pia, na mmea haupati chochote. Hapo tarakimu ni ya kweli na mkulima ameibiwa. Wakemia wa New Haven ikawabidi watafute kipimo kingine cha kujua naitrojeni hiyo ni ya aina gani: waliitia mbolea ndani ya pepsini, kile kimeng'enyo cha tumboni, kuona kiasi gani kinasagika, na waliitazama kwa hadubini.

Kuna jambo jingine ambalo ni rahisi kulidharau. Wakemia wawili wakipima mbolea moja kwa njia mbili, watapata majibu mawili, na muuzaji atachagua linalompendeza. Mwaka 1884 wakemia wa kilimo wa Marekani waliunda chama chao ili wakubaliane njia rasmi za kupima, hatua kwa hatua. Chama hicho kipo mpaka leo kwa jina la AOAC, na njia zake hutumika katika maabara za nchi nyingi, ikiwemo yetu.

Kisha likaja lile lililonifanya niandike makala haya. Matokeo hayakufungiwa kabatini. Kila mwaka kituo kilichapisha ripoti: jina la mbolea, jina la kiwanda, jina la muuzaji na mji wake, kilichoahidiwa, kilichokutwa, bei aliyotozwa mkulima, na thamani ya vilivyomo. Mkulima wa kijijini aliweza kukaa jioni na kitabu hicho akalinganisha duka la mtaa wake na la mji wa pili. Ile karatasi tuliyopeleka mimi na ami ilikuwa karatasi ya watu wawili. Ripoti ya New Haven ilisomwa na jimbo zima, na muuzaji aliyetajwa humo vibaya mwaka huu alikuwa na sababu ya kurekebisha mambo yake kabla ya mwaka ujao, hata kama hakuna polisi aliyemgusa.

Vifuu vya nazi ndani ya pilipili manga

Mwaka 1895 jimbo likaiongezea maabara hiyo hiyo kazi ya kupima vyakula. Aliyejulikana sana katika kazi hii ni Andrew Winton, na silaha yake kubwa ilikuwa hadubini.

Viungo vya kusaga ndivyo vilivyokuwa rahisi kughushiwa. Pilipili manga nzima mtu anaiona. Ikishasagwa ni unga wa kijivu, na unga wa kijivu unaweza kuwa kitu chochote. Wafanyabiashara wa zama zile walitia kokwa za zeituni zilizosagwa, maganda ya nafaka, na, sisi watu wa pwani tusikie vizuri, vifuu vya nazi. Kifuu kikichomwa kidogo na kusagwa kinatoa rangi yoyote utakayo, kuanzia ya karafuu mpaka ya pilipili. Kwa hivyo mwaka 1901 Winton alichapisha utafiti mzima juu ya muundo wa tunda la mnazi, tangu makumbi mpaka kifuu mpaka nyama yake. Sababu ya mtu wa New Haven, penye theluji, kujishughulisha na nazi ilikuwa hii: kifuu kina chembe ngumu zenye kuta nene na rangi ya hudhurungi, ambazo pilipili manga haina za namna ile, na mwenye kuzijua hawezi kudanganywa. Pilipili kwa upande wake imejaa chembe ndogo mno za wanga. Ukiweka unga kidogo kwenye kioo, unaona upesi ni nani mgeni humo ndani.

Karafuu nayo ilikuwa na wezi wake, na zama hizo karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba. Karafuu nzuri ina mafuta kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Makonyo, vile vikonyo vinavyochambuliwa baada ya kuchuma, yana kama asilimia 5 au 6. Saga makonyo pamoja na karafuu, na jicho halitambui. Wengine walizikamua mafuta karafuu kwa mvuke, wakauza mafuta upande huu na makapi upande huu. Wakemia wa kituo walianza kwa kutafuta viungo vizima vilivyo safi, wakavipima kila namna, ili wawe na kigezo cha kulinganishia kile cha kusagwa kinachouzwa madukani. Ukitaka kumjua mwongo, jifunze kwanza sura ya mkweli. Mkulima wa Pemba aliyechuma karafuu safi aliharibiwa jina na mtu asiyemjua ng'ambo ya bahari, na aliyelisafisha jina hilo alikuwa mkemia ambaye pia hakumjua.

Ukipita leo kwenye masoko yetu ukaiona bizari iliyong'aa kupita kiasi na pilipili nyekundu kama rangi ya mlango, utaelewa kwa nini nimelikalia jambo hili.

Panya na sima

Maabara ya kupima mbolea ilizaa pia elimu ambayo hakuna aliyeitarajia. Thomas Burr Osborne aliingia kituoni mwaka 1886. Alikuwa mkwe wa Johnson, amemuoa bintiye, na najua kwetu watu wangesema maneno, lakini kijana alikuwa na kazi yake. Alitumia takriban miaka arubaini kuzitenga protini za mbegu moja moja: ngano, mahindi, maharagwe, na nyinginezo nyingi. Kabla yake wengi walichukulia protini kuwa protini, kama vile mnunuzi alivyochukulia naitrojeni kuwa naitrojeni. Fundisho la ile ngozi iliyosagwa lilirudi kwa mlango mwingine.

Tangu mwaka 1909 yeye na Lafayette Mendel wa Yale waliwalisha panya wadogo chakula kilichopimwa kila chembe. Panya waliopewa protini kuu ya mahindi, iitwayo zeini, bila protini nyingine, walikonda. Walipoongezewa triptofani walishikilia uzani wao bila kukua. Walipoongezewa na laisini pia, wakakua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1914, na maana yake ni kwamba sima peke yake, hata ikijaza sinia, haimkuzi mtoto sawasawa. Kunde, mbaazi na maharagwe zina laisini ile inayokosekana katika mahindi. Nyanya zetu waliopika mbaazi za nazi na kunde hawakuwa na panya wala maabara, lakini mezani hawakukosea.

Wawili hao pia waliona panya waliolishwa mafuta ya nguruwe wakidumaa na kuumwa macho, na wakipewa siagi wanarudi hai. Ndani ya siagi mlikuwa na kile kilichokuja kuitwa vitamini A. Elmer McCollum na Marguerite Davis wa kituo cha jimbo la Wisconsin waligundua jambo hilo hilo mwaka huo huo wa 1913 na wakawatangulia kuchapisha kwa wiki chache tu.

Na kwetu?

Kenya si kwamba hatuna maabara. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina maabara Kabete na lina kituo hapa hapa Mtwapa. KEPHIS ina maabara ya kemia inayopima mbolea na masalia ya dawa katika mazao. KEBS ipo. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura 345, ipo tangu zamani. Mkemia wa Kabete anajua Kjeldahl kama anavyojua mkemia wa New Haven.

Pamoja na hayo, mwaka 2024 mbolea ya ruzuku iliyopitia maghala ya Bodi ya Nafaka ikaja kujulikana kuwa baadhi yake haina kilichoandikwa. Waliolitoa jambo hadharani ni waandishi wa habari, kwa sampuli walizopimisha wenyewe. Serikali ilikana kwanza, kisha ikasimamisha mauzo na kuahidi fidia. Bungeni pakapelekwa hoja ya kumwondoa waziri, na kamati ikamwondolea lawama mwezi wa Mei. Yote hayo yalikuja baada ya mbolea kuingia ardhini. Mimi siulizi nani alikuwa na hatia, hiyo ni kazi ya mahakama. Nauliza kwa nini mkulima wa Lunga Lunga hakuwa na orodha ya kusoma kabla ya kununua: mbolea gani ilipimwa, ya nani, duka gani, ikakutwa na nini. Majibu ya maabara za umma yamelipiwa na umma. Kuyaweka wazi kila msimu, kwa majina, ofisini kwa chifu na msikitini na kanisani, ni gharama ya karatasi.

Watasema kiwanda kitashtaki. Ndiyo, kitashtaki kama umechota vibaya na kupima kwa njia yako mwenyewe. Wenzetu ndiyo maana walianza na bomba la kuchotea na njia iliyokubaliwa.

Mpaka hapo patakapofika, mkulima ajilinde kwa anachoweza. Chukua risiti yenye nambari ya shehena. Mfuko ufunguliwe dukani, mbele ya muuzaji na mtu wa tatu. Chota juu, katikati na chini, na ikiwa mifuko ni mingi chota katika kadhaa. Changanya, gawa katika chupa tatu kavu zenye vifuniko vya kukaza, maana CAN hunyonya unyevu, kisha zote zifungwe na kutiwa saini na nyote watatu. Moja iende maabara, moja ibaki dukani, moja ukae nayo. Na kwa kuwa ardhi ya pwani nyingi ni ya kichanga na mvua kubwa huosha naitrojeni, udongo wenyewe pia upimwe kabla ya kununua lolote: tembea shamba kwa kwenda upogo, chota mahali kama 15 au 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya, peleka nusu kilo. Usichote penye kichuguu wala pale ng'ombe wanapolala.

Msimu huu ami alinunua mifuko miwili, duka lile lile. Nilikwenda naye, na jirani yake mmoja. Muuzaji alituletea chupa mwenyewe, akatia saini zote tatu bila ya kusita, akatuagizia na kahawa. Chupa moja imepelekwa, na majibu bado hayajarudi. Moja iko juu ya rafu dukani, karibu na mizani. Ya tatu iko kabatini kwa ami, chini ya kanzu zake, na mke wake ameshaniuliza mara mbili itatoka lini.